Alienda Marekani kusomea ubalozi, akaishia kufungua shule ya ngoma Harlem

Jumapili, tarehe 23 Aprili 1967. Harlem, New York, Mtaa wa 125. Watu wamejibana kwenye jengo ambalo si klabu wala si ukumbi wa maana wa muziki. Ni shule. Siku za kawaida watoto wa mtaani wanakuja hapo kujifunza kupiga ngoma na kucheza. Leo aliyesimama mbele ni John Coltrane na saksafoni yake, yule ambaye ukitaja jazi mbele ya mtu anayejua muziki, jina lake linatoka kabla hujamaliza sentensi.

Coltrane alikuwa mgonjwa siku ile. Alikuwa amebakiwa na chini ya miezi mitatu ya kuishi. Angeweza kabisa kulala nyumbani. Ila alikuja, kwa sababu mwenye shule alikuwa mshkaji wake na shule ilikuwa inahitaji kubebwa.

Vitabu vya Coltrane viko vingi, tukiongeza stori nyingine hatupungukiwi wala hatuongezeki. Mimi leo nataka tumwongelee mwenye shule. Maana huyu mzee, wadau, midundo yake mmeisikia. Nawaapia mmeisikia. Jina lake tu ndiyo hamlijui.

Anaitwa Babatunde Olatunji. Alizaliwa tarehe 7 Aprili 1927 kijiji cha Ajido, pwani ya Nigeria, jirani na Badagry. Badagry ndiyo moja ya bandari walikopakiwa watu kwenye meli za utumwa kupelekwa ng'ambo. Kumbuka hilo, litarudi mbele. Kijijini kwao ngoma haikuwa shoo ya kulipia kiingilio. Mtoto amezaliwa, ngoma. Mzee amefariki, ngoma. Soko, mavuno, chifu mpya, ngoma. Dogo alikua nazo masikioni kama sisi tulivyokua na honi za daladala.

Kuwa mwanamuziki haikuwa kwenye mpango kabisa. Mpango ulikuwa ubalozi. Siku moja alisoma kwenye jarida la Reader's Digest kwamba Rotary wanatoa ufadhili wa masomo, akaandika barua, akapata. Mwaka 1950 akatua Atlanta, chuo cha Morehouse, chuo kilekile alichomaliza Martin Luther King miaka miwili nyuma yake.

Sasa vuta picha. Atlanta ya 1950, ubaguzi wa rangi ni sheria ya nchi. Na hawa wanafunzi wenzake, weusi kama yeye, wanachojua kuhusu Afrika ni filamu za Tarzan. Wanamuuliza maswali ambayo hata leo ukienda kusoma nje unaulizwa, yale ya simba na kulala juu ya miti. Wengine wangenuna. Olatunji akaona hawa watu wamefichwa kitu. Akatafuta ngoma, akakusanya wenzake, akaanza kuwapigia na kuwaimbia pale chuoni, katikati akiwaeleza huu ni wimbo wa nini na unaimbwa lini. Ukiangalia vizuri, shule ilianzia pale, ila bado haikuwa na mlango wala kibao.

Kuna kisa alikuwa akikisimulia cha mwaka 1952. Yeye na wenzake walipanda basi la mjini wamevaa nguo za kwao za Kiafrika, wakakaa popote walipotaka na hakuna aliyewagusa, kwa sababu walionekana wageni, hawakuhesabiwa kama weusi wa pale. Safari nyingine wakapanda wamevaa suruali na mashati kama kila mtu, wakakaa palepale mbele. Hapo ndipo ngoma ikawa nzito, wakaamriwa warudi nyuma, na wao wakagoma. Mtu yuleyule, ngozi ileile, tofauti ni nguo tu. Rosa Parks alikuja kukataa kuachia kiti chake Montgomery Desemba 1955. Hawa vijana hawakuandikwa gazetini.

Baada ya Morehouse akahamia New York kusoma utawala wa umma kwenye chuo kikuu cha pale. Hela ya kusomea haikutosha. Kikundi chake cha ngoma ambacho kilikuwa cha kujishikiza kikaanza kuingiza chochote kitu, na shahada ya juu ikaanza kusogea mbali taratibu. Mwishoni mwa miaka ya 50 akapata nafasi ya kupiga Radio City Music Hall pamoja na okestra kubwa ya ukumbi ule. Kampuni ya Columbia ikamsainisha. Mwaka 1960 ikatoka albamu inaitwa Drums of Passion.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana hii albamu ndiyo kila kitu.

Kwanza, ni ngoma na sauti za watu, basi. Hakuna gitaa la kulainisha, hakuna zumari la kumbembeleza mteja wa Kizungu. Imerekodiwa kwenye studio kubwa, kwa stereo, yaani kwa vifaa vilevile walivyorekodiwa mastaa wa kampuni, wakati ambapo ngoma za Afrika zilizoea kurekodiwa na watafiti wenye mashine ya kubeba begani, kama vile wanapima mvua. Pili, iliuza. Hesabu inayotajwa siku zote ni mamilioni ya nakala. Mwaka 2004 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa faida ya nchi nzima.

Tatu, na hii ndiyo inayonigusa mimi: waliopiga na kuimba mle ndani wengi hawakuwa Wanigeria. Walikuwa weusi wa Marekani na visiwa vya Karibiani waliokaa naye, wakafundishwa, mpaka wakaimba Kiyoruba na kushika midundo ambayo mababu zao walinyang'anywa. Kwa hiyo unapoisikiliza unasikia matokeo ya darasa. Mle kuna wimbo unaitwa "Akiwowo". Nilimpigia mshkaji wangu mmoja prodyuza bila kumwambia ni nini, akasimama, akaniuliza hiyo biti ni ya nani na imetoka lini. Nikamwambia 1960. Akanitazama kama nimemtukana.

Miaka hiyo Afrika nzima ilikuwa inachemka. Desemba 1958 ulifanyika ule mkutano mkubwa wa Waafrika wote pale Accra, kwa Nkrumah, mwenyekiti wake akiwa Tom Mboya wa Kenya, kijana wa miaka 28. Olatunji alikwenda. Akarudi New York na kichwa kimejaa. Mwaka 1960 alipiga kwenye albamu mbili ambazo zilikuwa siasa tupu. Moja ni ya Max Roach, We Insist!, ambayo ina kipande cha kuomboleza Johannesburg, mwaka uleule polisi walioua watu Sharpeville. Nyingine ni ya mpiga piano Randy Weston, na hii inatuhusu sisi moja kwa moja, sogeeni karibu.

Inaitwa Uhuru Afrika. Ndiyo, hivyohivyo. Weston alitaka albamu ifunguliwe kwa lugha ya Kiafrika, akawauliza Waafrika waliokuwa wakifanya kazi Umoja wa Mataifa, wakamwambia Kiswahili. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na aliyeyasoma kwa Kiswahili ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, yule ambaye watu wa Makete walikuja kumjua kama mbunge wao. Sehemu ya kwanza inaitwa "Uhuru Kwanza". Nyingine inaitwa "Kucheza Blues", sitanii. Na mmoja wa wanaopiga ngoma mle ni Olatunji. Ilirekodiwa Novemba 1960. Tanganyika yenyewe ilipata uhuru Desemba 1961. Yaani Kiswahili kilishatangaza uhuru studio New York mwaka mzima kabla bendera haijapanda Dar. Makaburu wa Afrika Kusini walikuja kuipiga marufuku, na mimi hiyo naihesabu kama tuzo.

Haya, sasa upande wa pili wa umaarufu. Mkwanja.

Mwaka 1964 Serge Gainsbourg, staa mkubwa wa Ufaransa, alitoa albamu ya Gainsbourg Percussions. Nyimbo tatu za mle ukiziweka sambamba na Drums of Passion hata mtoto wa chekechea atakwambia: "New York U.S.A." ni "Akiwowo", "Joanna" ni "Kiyakiya", na "Marabout" ni "Gin-go-lo-ba". Kabadilisha maneno, kaweka Kifaransa, kaandika jina lake. La Olatunji, hola. Na wimbo wa Miriam Makeba nao ulichotwa humohumo. Ilichukua miaka mingi mpaka jina la mwenye mali likaanza kuonekana. Mashabiki wake watasema ndivyo mambo yalivyokuwa zamani. Mimi nasema kuchukua ni kuchukua, hata uvae koti zuri.

Halafu 1969 akaja Carlos Santana na "Jingo". Hiyo ni "Gin-go-lo-ba" hiyohiyo na magitaa juu. Ilikuwa singo ya kwanza kwenye albamu yake ya kwanza, na aliipiga Woodstock mbele ya bahari ya watu. Sikatai, Santana aliipa moto wake na wimbo ukazunguka dunia. Ila waulize waliokuwa wakirukaruka kwenye tope siku ile kama walijua wanaimba wimbo wa mtu wa Ajido.

Ndiyo maana nikasema mdundo wake mmeusikia. Biti ina tabia hiyo. Inasafiri bila pasipoti na bila jina la mama. Rekodi ikishatoka, anayeinunua anaweza kuifanya anavyotaka. Kitu pekee ambacho mtu hawezi kukichukua kwenye rekodi ni kufundishwa. Ili ufundishwe lazima ukae mbele ya mtu, akutazame mikono, akwambie huu unaitwa hivi na unatoka kwa watu fulani. Sidhani kama Olatunji alilifikiria kwa maneno yangu haya, ila ndicho alichoenda kukifanya, na alikifanya kwa hela ya hizohizo rekodi na shoo.

Mwaka 1964 New York ilifungua Maonyesho ya Dunia, na kundi la Olatunji likawa linapiga kwenye banda la Afrika. Kilichopatikana pale, badala ya kukipeleka kwenye gari na nyumba ya maana, alikipeleka Harlem. Akafungua Kituo cha Olatunji cha Utamaduni wa Afrika, kwenye Mtaa wa 125 upande wa mashariki. Wakafundisha ngoma, kucheza, nyimbo, lugha na historia, kwa ada ndogo ambayo mzazi wa Harlem angeweza kuitoa mfukoni.

Kwa nini hii ilikuwa nzito? Rudi nyuma mpaka Septemba 1739, koloni la South Carolina. Watumwa waliasi karibu na Mto Stono, wakaandamana barabarani wakipiga ngoma ili wenzao wasikie na kujiunga. Uasi ulizimwa kwa damu, na mwaka 1740 ikatungwa sheria: mtumwa haruhusiwi kuwa na ngoma, baragumu, wala chombo chochote chenye sauti kubwa. Wazungu wale walikuwa wameelewa kitu ambacho sisi wakati mwingine tunakisahau, kwamba ngoma inaongea. Cuba na Brazil watu walibaki na ngoma zao kwa kujificha nyuma ya watakatifu wa kanisani. Huku Marekani ya Waingereza ngoma ikakatwa, mdundo ukahamia kwenye makofi, mapaja na miguu. Ukiona mtu mweusi wa Marekani anapiga makofi kanisani kama mashine, ile ni ngoma iliyonyimwa ngozi.

Sasa miaka zaidi ya 200 baadaye anatokea mtu kutoka jirani na Badagry, bandari yenyewe ile, anafungua mlango Harlem na kuwaambia watoto: kaeni, shikeni, hii ni yenu. Wazazi wao waliifahamu ngoma kama kitu cha kwenye filamu, kinachopigwa na washenzi kabla shujaa wa Kizungu hajatokea. Jumamosi mtoto anarudi nyumbani vidole vimevimba na anamfundisha bibi yake mdundo.

Na alifundishaje? Hapa ndipo mzee alikuwa fundi kweli. Hakuwa na haja ya noti za ubaoni. Alikuwa na silabi sita tu: gun, dun, go, do, pa, ta.

Gun na dun ni besi, kiganja kizima katikati ya ngozi. Gun ni mkono wa kulia, dun ni wa kushoto. Go na do unapiga karibu na ukingo, vidole vimekaa pamoja, sauti inatoka wazi na inalia, kulia go, kushoto do. Pa na ta ni kofi, kali, ile inayokata masikio, kulia pa, kushoto ta. Imeisha. Mwalimu anatamka mdundo kwa mdomo, "gun, go-do, pa-ta", darasa linajibu kwa mdomo, linarudia mpaka ulimi umezoea, ndipo mikono inaruhusiwa kugusa ngoma. Ukikosea hujakosea hesabu, umekosea neno, na kila mtu anasikia kama anavyosikia mtu akikosea salamu. Mtoto wa miaka sita anaweza. Mhasibu mstaafu anaweza. Na hata usiku huna ngoma, unaweza kufanya mazoezi ukiwa umelala kitandani, unatamka tu. Sisi wenye "pata" yetu tayari tuko mbele hatua moja.

Jaribu sasa hivi hapo mezani, kabla hujaendelea kusoma. Kiganja katikati, gun. Vidole ukingoni, go-do. Kofi, pa-ta. Ukiwa ofisini ni shauri yako.

Coltrane aliingia kwenye stori hii mapema. Mwaka 1962 alitoa wimbo unaoitwa "Tunji", na Tunji ni huyuhuyu. Alikuwa akimsikiliza Olatunji, akimuuliza maswali kuhusu ngoma na lugha, na kituo kilipofunguliwa akawa anakichangia pesa. Wale wawili pamoja na Yusef Lateef, mpulizaji mwingine mkali, walikuwa na mpango ambao ukiusikia leo utadhani ni wa wasanii wa kizazi chetu: wasitegemee mapromota, wakodi kumbi wenyewe, wauze tiketi wenyewe, hela ibaki mikononi mwao. Walikuwa wameshaanza kupanga tamasha la pamoja kwenye ukumbi mkubwa wa Lincoln Center, Januari 1968.

Onyesho la tarehe 23 Aprili 1967 pale shuleni lilikuwa la kufungua mfululizo wa maonyesho ya kituo. Coltrane alikuja na bendi yake: mke wake Alice kwenye piano, Pharoah Sanders saksafoni ya pili, Jimmy Garrison besi, Rashied Ali dramu, na mtu wa kupiga ngoma ya bata ya Kiyoruba. Vipande viwili tu vilivyorekodiwa, "Ogunde" na "My Favorite Things", kila kimoja karibu nusu saa au zaidi. Alipiga tena mara moja Baltimore mwezi Mei. Tarehe 17 Julai ini likamshinda. Miaka 40.

Na mpango wa Lincoln Center ukafa naye. Jamani, hapa huwa naumia. Si kwa sababu ya muziki ambao haukupigwa, muziki upo mwingi. Ni kwa sababu shule ilikuwa imempata mtu mwenye jina kubwa aliyekuwa tayari kuweka jina lake na hela yake pale, na kabla miezi mitatu haijaisha wakamzika.

Kituo kiliendelea kwa miaka mingi, kwa kujikongoja. Kodi ya nyumba, bili za kuipasha moto majira ya baridi, walimu wanaohitaji nauli. Shule ya namna hii haiingizi faida, na ada ukipandisha unawafukuza walewale uliowafungulia mlango. Olatunji alikuwa anakimbia huku na huko kupiga shoo na kutembelea shule za serikali kuwaonyesha watoto ngoma, kisha anarudi kumimina alichopata. Rekodi iliyouza mamilioni haikumfanya milionea. Mwisho kituo kikafungwa.

Ila kuna mbegu moja ilikuwa imedondoka bila yeye kujua. Kwenye moja ya shule alizotembelea kule Long Island alikuwepo dogo wa Kizungu anaitwa Mickey Hart. Dogo akakua, akawa mpiga dramu wa Grateful Dead, bendi iliyokuwa na mashabiki wanaoifuata mji hadi mji kama hija. Mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1985, Hart alimleta mwalimu wake kufungua shoo yao Oakland. Mzee akiwa na miaka 58 akajikuta ana mashabiki wapya kabisa, maelfu. Mwaka 1991 wakatoa Planet Drum, Olatunji akiwa ndani pamoja na Zakir Hussain wa India, Airto Moreira wa Brazil na Giovanni Hidalgo wa Puerto Rico. Iliposhinda Grammy mwaka 1992 ilikuwa mara ya kwanza tuzo ile ya albamu ya muziki wa dunia kutolewa.

Kuanzia hapo madarasa yake yakahamia sehemu nyingine. Akawa anafundisha Esalen, kule California juu ya bahari, na Omega, jimbo la New York. Ni sehemu za watu wenye nafasi wanaokwenda kutafuta utulivu wa roho. Zile duara unazoziona siku hizi, watu wamekaa kwenye nyasi kila mtu na ngoma yake, wanaita tiba, zina mchango wake mkubwa, na gun-dun-go-do-pa-ta inatamkwa huko mpaka kesho.

Watu wamegawanyika kuhusu hili na mimi nimegawanyika ndani yangu mwenyewe. Kuna upande unaniambia mzee alipoteza: shule ya watoto weusi wa Harlem ilikufa kwa kukosa kodi, kisha elimu ileile ikauzwa kwa wikiendi ya bei mbaya kwa watu wasiojua hata Badagry ni nini. Halafu upande mwingine unaniuliza, ulitaka afanye nini? Mtu ana miaka 60, ana kisukari, kazi anayoijua ni kufundisha ngoma, na waliokuja kukaa mbele yake ni hao. Awafukuze? Kila mahali alipokaa, kabla ya kupiga alikuwa anasema mdundo unatoka wapi. Wengine walishika, wengine walisubiri tu sehemu ya kupiga. Hata Morehouse 1950 ilikuwa hivyohivyo. Ila ukinibana ukutani, nitakwambia Harlem ilistahili kubaki na ile shule, na kwamba ingetosha robo ya "Jingo" kuilipia kodi.

Alifariki tarehe 6 Aprili 2003 huko Salinas, California, kwa kisukari. Kesho yake angetimiza miaka 76. Kitabu cha maisha yake, The Beat of My Drum, kilitoka 2005, hakukiona.

Kitu kimoja alikiona lakini. Siku ile ya Coltrane shuleni kulikuwa na mtu aliyerekodi, na mwaka 2001, miaka 34 baadaye, ikatoka kama albamu. Ndiyo rekodi ya mwisho ya jukwaani ya Coltrane inayojulikana. Wangeweza kuipa jina lolote la kuuza. Kwenye jalada imeandikwa The Olatunji Concert, na yeye mwenyewe hapigi hata ngoma moja mle.

Ukiitafuta, punguza sauti kabla hujabonyeza. Maikrofoni zilizidiwa siku ile, saksafoni inakwaruza, dramu zimepasuka, kuna sehemu hujui kipi ni kipi. Ni sauti ya watu wengi kwenye chumba kidogo cha darasa.